Marehemu Bildad Kaggia: Karani, Askari na Mtu wa Dini

Mtu mzima akifariki katika mtaa wa Komarock, au katika mtaa mwingine wo wote wa upande wa mashariki wa Nairobi, jirani zake hukusanyika nyumbani mwake jioni kwa jioni hata siku ya kuuchukua mwili kwenda kwao. Huimba nyimbo za kanisa, hunywa chai, huchanga fedha za jeneza na za gari. Naye mwenye mwandiko mzuri hukaa pembeni pamoja na jamaa, akiandika habari za maisha ya marehemu zitakazosomwa kaburini. Karani huyo wa matanga ana kazi ngumu kuliko idhaniwavyo. Yampasa kusema kweli, na wakati huohuo yampasa asimwaibishe mjane.

Ikiwa marehemu ni mzee aliyepata kwenda katika Vita Kuu ya Pili, kama walivyokuwa wengi waliozikwa katika miaka iliyopita, kuna mambo matatu yasiyokosa kuandikwa: ya kwamba alitumikia jeshi, ya kwamba alishika ibada, na ya kwamba alitunza nyumba yake. Hutajwa yakifuatana kama mabehewa ya gari moshi, kana kwamba moja humvuta mwenziwe bila taabu. Kwa wazee wengi ndivyo yalivyokuwa kweli. Lakini yuko mmoja ambaye mambo hayo matatu yaligombana ndani yake maisha yake yote, na kwa sababu hiyo afaa kukumbukwa na kila karani na kila mkulima. Huyo ni marehemu Bildad Mwaganu Kaggia, aliyefariki dunia tarehe 7 Machi 2005.

Alizaliwa Dagoretti karibu na Nairobi mwaka wa 1921, lakini watu wake walikuwa wa Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall siku zile. Alisoma katika shule ya misheni ya Kahuhia, iliyokuwa ya Church Missionary Society, akatoka huko akijua kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya Bwana D.C. wa Fort Hall. Msomaji aliyepata kukaa nyuma ya meza ya Serikali atafahamu maana ya kazi hiyo kwa kijana wa miaka kama kumi na tisa. Wazee waliomzaa husimama nje juani wakingoja, naye yumo ndani kivulini. Wao hushika kipande mkononi, naye ndiye anayeyajua maandishi. Vijana wengi wangetosheka hapo, wakanunua baiskeli, wakaoa, wakaungoja mshahara wa mwisho wa mwezi mpaka uzee.

Kaggia hakutosheka. Mwaka wa 1942 aliingia katika jeshi. Watu wa Kenya waliotumikia vita ile walikaribia laki moja, na kila mlango wa boma ulikuwa na jamaa wakilia kwa ajili ya kijana aendaye. Wengine walipelekwa Uhabeshi, wengine Madagaska, na wengi walivuka bahari hata Burma, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka wa 1944 katika mvua na matope na homa. Mpaka leo soko la nyama la Burma, lililo upande huo wa mashariki wa Nairobi, lachukua jina la nchi ile. Na mtaa wa Kariakor, jirani yake, wachukua jina la wapagazi wa vita ya kwanza, Carrier Corps, ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi. Mtu apitaye huko akienda kununua mbuzi hutamka majina ya vita mbili bila kufikiri.

Yeye Kaggia hakwenda Burma. Alipelekwa upande wa kaskazini, Misri na Palestina, na baadaye Uingereza. Na huko Palestina ndiko lilikompata jambo lililogeuza maisha yake: alifika Yerusalemu.

Inafaa kusimama kidogo hapa. Kijana wa Kahuhia alikuwa amefundishwa habari za mji ule tangu utoto. Aliujua katika Biblia na katika nyimbo, akawaona wamisionari wakiutaja kama mji ambao wao wenyewe ndio wenye ufunguo wake. Sasa akaukanyaga kwa viatu vya jeshi. Aliona mahali patakatifu kwa macho yake. Akaona ya kuwa Ukristo ulikuwako huko kabla ya Mwingereza ye yote kuusikia, na ya kuwa watu wa mahali pale walimwabudu Mungu kwa desturi zao wenyewe. Ikiwa ni hivyo, alijiuliza, ni mambo gani katika mafundisho ya misheni yaliyokuwa ya Injili, na ni yapi yaliyokuwa desturi za Kizungu tu? Kwa nini mtu wa Murang'a aambiwe kwamba hawezi kuokoka pasipo kupewa jina la Kizungu? Kwa nini ngoma ya babu yake iwe dhambi, na dansi ya Wazungu isiwe dhambi?

Askari wengi walirudi wakiwa na maswali. Wengine waliuliza habari za mshahara, kwa kuwa Mwafrika alilipwa chini ya wenzake wote hata kama risasi haikuchagua. Wengine waliuliza habari za kipande, maana mtu aliyeaminiwa bunduki ugenini alirudi kwao akatakiwa kuonyesha karatasi kwa kila polisi. Wengi wao waliyameza maswali hayo, wakafungua vijiduka kwa fedha zao za jeshi, na vijiduka vile vikafa. Swali la Kaggia lilikuwa la dini kwanza, na hilo ndilo lililomtenga na wengine. Siasa alikuja kuiingia baadaye, kwa kupitia mlango wa kanisa.

Aliporudi mwaka wa 1946 alianza kuhubiri. Hakuhubiri kumwacha Kristo. Alihubiri kwamba Mwafrika aweza kumfuata Kristo bila kuongozwa na misheni, bila kulipia sakramenti, na bila kuona haya kwa ajili ya mila za wazee wake zisizo na ubaya. Wafuasi wake walijiita Arata a Roho Mutheru, yaani Rafiki za Roho Mtakatifu, na watu wakaiita Dini ya Kaggia. Ilienea katika nchi ya Wakikuyu, ikavuka na kuingia kwa makabila ya jirani. Misheni haikuipenda, na Serikali ya Kikoloni iliitazama kwa jicho baya, maana mahali po pote palipokutana watu bila mchungaji wa Kizungu na bila kibali, palidhaniwa pana jambo jingine.

Je, mtu kama huyo aitwe mshika ibada? Mzee wa kanisa aliyekaa kiti kilekile cha mbele kwa miaka hamsini aweza kusema hapana. Aliyeacha kanisa lililomlea, atasema, hana budi kuandikwa miongoni mwa waasi. Hoja hiyo ina nguvu, na wako watu wema walioumizwa na mahubiri ya Kaggia. Walimu wa misheni waliotoa maisha yao kwa shule za nyasi walijiona wanatukanwa na mwanafunzi wao. Hata hivyo, wako watu wasioenda kanisani kwa kuwa hawajali, na yuko aliyetoka kanisani kwa kuwa alijali mno. Kaggia hakutoka ili alale Jumapili asubuhi. Mtu mvivu wa dini hapandi mlima na kushuka bonde kwa miguu akihubiri bure.

Baada ya muda aliona kwamba wale waliomsikiliza walikuwa na njaa na madeni, na ya kwamba kuwaombea peke yake hakutoshi. Akaingia katika vyama vya wafanya kazi mjini Nairobi, akiwaongoza makarani na wafanya kazi wa maduka, na viongozi Fred Kubai na Makhan Singh walipokamatwa mwezi wa Mei 1950, Kaggia alikuwa miongoni mwa walioishika kazi ile isianguke. Siku zile moyo wa mambo ulikuwa katika mitaa ya mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni. Katika ukumbi wa Kaloleni, mwezi wa Aprili 1950, ndipo Makhan Singh aliposimama mbele ya umati akatoa azimio la kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Komarock haikuwako bado. Ilikuwa nyika tupu kwenye njia ya kwenda Ukambani, na jina hilo lilikuwa la mlima wa mawe ulioko upande wa Machakos.

Kaggia akawa mmoja wa wakuu wa Kenya African Union tawi la Nairobi, na pia, kama alivyoeleza mwenyewe waziwazi katika kitabu chake Roots of Freedom kilichotoka mwaka wa 1975, mmoja wa watu wa Kamati Kuu iliyoendesha viapo kwa siri. Jambo hili halifai kupitwa kana kwamba ni dogo. Watu wa dini walikufa kwa kukataa kiapo, na watu wa dini walikufa kwa kukila. Yeye atembeaye mitaa ile atakuta historia hiyo imeandikwa katika vibao: Mbotela na Ofafa ni majina ya madiwani wawili, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa katika siku za Hatari. Na karibu na hapo iko Jericho, na uko mtaa unaoitwa Jerusalem. Kaggia aliuona mji wenyewe. Watoto wa Nairobi hushuka katika ile ya kwao kwa matatu.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, naye akakamatwa pamoja na wenzake. Watu sita walishtakiwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko, Kung'u Karumba, na yeye. Bwana D. N. Pritt alitoka Uingereza kuongoza utetezi wao. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Thacker akawahukumu miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda katika rufani, lakini hakuachiliwa, alitiwa kizuizini.

Waliofungwa walipelekwa Lokitaung, pembe ya mwisho ya nchi katika Turkana, mahali pa mawe na joto ambako mtu akitazama pande zote haoni mti wa kumficha mbuzi. Wafungwa walipewa kazi ya sulubu. Kenyatta, kwa kuwa alikuwa amewapita umri sana, alisamehewa kazi hiyo, akawa mpishi wao. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa mbele litarudi: kwa muda wa miaka mingi Bildad Kaggia alikula chakula kilichopikwa kwa mkono wa Jomo Kenyatta.

Aliachiliwa mwaka wa 1961. Tangu usiku ule wa Oktoba ilikuwa imepita miaka karibu tisa. Mkulima ajua kilicho ndani ya miaka tisa: kahawa iliyopandwa mwaka wa kwanza imekwisha kuzaa mara nyingi, na mtoto aliyeachwa akitambaa anatumwa dukani na kurudi na chenji sawasawa. Na katika miaka hiyohiyo ndipo ardhi ya Murang'a ilipopimwa na kukusanywa, wakati watu wengi walipokuwa kizuizini au msituni. Wako waliorudi wakakuta mipaka mipya, na mawe ya mpaka yamemwegemea yule aliyebaki.

Hayo ndiyo Kaggia aliyoyachukua kwenda nayo Bungeni alipochaguliwa mwaka wa 1963 kuwa Mjumbe wa Kandara. Alifanywa Waziri Mdogo wa Elimu. Lakini kila alipopata nafasi alirudia neno moja: waliopigania ardhi wasiuziwe ardhi ile. Alitaka wasio na mashamba wapewe, hasa waliotoka msituni na kizuizini, bila kutiwa deni la kuinunua nchi iliyochukuliwa kwa baba zao bila malipo. Alipoonywa kwamba Waziri Mdogo hawezi kuipinga Serikali yake mwenyewe, hakunyamaza, na katika mwezi wa Juni 1964 akatoka katika kazi hiyo. Gari na mshahara mkubwa vikabaki nyuma yake.

Mwaka uliofuata, 1965, Kenyatta, sasa akiwa Rais, alifika Kandara na kuhutubia mkutano ambao wazee wa huko waliukumbuka kwa muda mrefu. Mbele ya watu wake mwenyewe alimwuliza Kaggia amejifanyia nini. Akamtajia wale waliokuwa naye gerezani, mmoja mmoja: huyu amepanda kahawa, huyu ana nyumba kubwa na shamba zuri, huyu ana mabasi barabarani. Nawe, Kaggia, je?

Neno hili limerudiwa katika vitabu kama mfano wa siasa za siku zile, na bila shaka ni siasa. Lakini lilichoma kwa sababu ya pili, ambayo wenye vitabu huipita upesi. Lilikuwa ni swali la nyumba. Kwa desturi ya wazee, mtu asiye na shamba la kuwagawia wanawe hawezi kusimama mbele ya baraza akawashauri watu habari za mashamba. Baba hupimwa kwa kile kinachobaki. Aliyempikia chakula Lokitaung alikuwa anamwambia, mbele ya majirani, ya kuwa ameshindwa kuwa baba.

Wako waliosema, na wangali wapo wanaosema, ya kuwa Rais alikuwa na haki: mtu asiyeijali nyumba yake ataijalije nchi? Mtume Paulo mwenyewe aliandika maneno makali juu ya mtu asiyewatunza walio wake. Lakini kumtunza mtoto ni mambo mengi. Yako mashamba ambayo mtoto akirithi hurithi pamoja nayo macho ya wale waliofukuzwa hapo, na mwenye akili aweza kuona kwamba ekari chache zisizo na laana zamfaa mwanawe zaidi. Kaggia hakuwanyima watoto wake chakula. Aliwanyima mali ya haraka. Ikiwa hilo ni kosa, basi ni kosa ambalo halikuwa la kawaida katika siku zile.

Mwaka wa 1966 alimfuata Bwana Oginga Odinga katika chama cha Kenya People's Union, akawa makamu wake. Sheria mpya ikawalazimisha waliohama chama kurudi kwa wapiga kura, na Kandara ikamkataa. Mwaka wa 1968 alifungwa tena, safari hii na Serikali aliyoipigania, kwa sababu ya mkutano usio na kibali katika Nyanza ya Kusini. Mtu aliyeshtumiwa na wakoloni kwa kuhubiri bila ruhusa alirudi gerezani kwa kuhutubia bila ruhusa.

Mwaka wa 1969 akatoka katika chama hicho, akarudi KANU. Hapa karani wa matanga lazima aandike bila kuzungusha: wenzake waliobaki, ambao wengi wao waliishia kizuizini mwaka huohuo, waliona wameachwa njiani. Alikuwa amechoka, alikuwa amefungwa mara mbili, na nyumba yake ilikuwa imengoja vya kutosha. Sababu hizi mtu mwenye moyo atazielewa. Lakini kuelewa hakufuti jambo lenyewe. Hakurudi tena Bungeni.

Akaishi baada ya hapo zaidi ya miaka thelathini. Katika uzee wake alikuwa mtu wa mashine ya kusaga mahindi. Wanawake na watoto walileta debe na vikapu vyao, unga ukatoka ukiwa moto, na yule mzee aliyekuwa amevikwa vumbi jeupe ndiye aliyesimama kizimbani Kapenguria. Watu waliokuwa wamepanda kahawa na kununua mabasi walikwisha kufa mmoja mmoja. Kung'u Karumba alipotea katika safari ya kwenda Uganda mwaka wa 1974 asionekane tena. Kenyatta alifariki mwaka wa 1978, Kubai mwaka wa 1996, na Paul Ngei, ambaye naye alikuwa askari wa vita ile, mwaka wa 2004. Barabara ipitayo kando ya Komarock yaenda Kangundo, kwao Ngei, na magari ya matanga ya Wakamba huipita kila Ijumaa na Jumamosi, vitambaa vyekundu vimefungwa mbele.

Kaggia alipofariki mwezi wa Machi 2005, Achieng Oneko peke yake ndiye aliyebaki katika wale sita, naye alimfuata mwezi wa Juni 2007. Vyumba walivyofungiwa Kapenguria sasa ni makumbusho ya taifa. Mgeni hulipa kiingilio akaoneshwa vyumba vile vidogo. Ile mashine ya kusaga haimo humo. Mashine ya namna hiyo mtu ataiona Kayole au Komarock asubuhi yo yote, mlango wazi, mkanda ukizunguka, na mtoto wa shule amesimama na kikapu akingoja zamu yake.